Gitaa Jipya la Wakesho na Vidole vya Mama Yake

Voi, Jumapili, saa kumi na moja jioni. Joto la leo limekausha hata maji ya kuku kwenye sufuria. Upepo unapitisha vumbi jekundu chini ya mlango, na kila nikiandika mistari miwili inabidi niipanguse karatasi kwa kiganja.

Sina raha. Si huzuni ile niliyoizoea, inayonijia nikitoa vikombe viwili kabatini badala ya kimoja. Ile najua inakaa wapi. Hii ya leo ina aibu ndani yake.

Mghoi, mke wangu, ana miezi mitano kaburini. Jumamosi ijayo tunapanda Mwanda, nyumbani kwetu milimani, kumwekea msalaba wa simenti mahali pa ule wa mbao nilioutengeneza kwa haraka. Ndugu zake watatoka Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Mama yake pia ameagiza kwamba atakuja, ingawa magoti yanamsumbua. Mimi kama mume nitatakiwa kusema maneno machache, na nilikuwa nimeyaandika tayari, ukurasa mmoja, maneno mazuri.

Leo nimeyachana.

Binti yetu Wakesho alifika jana asubuhi kwa treni kutoka Mombasa, anakofanya kazi ya kupiga chapa ofisini. Mkono mmoja ulikuwa na begi la nguo, wa pili gitaa lililofungwa kwenye shuka.

“La nani hilo?” nikamuuliza.

“Langu, Baba.”

“La kufanyia nini?”

“La kupikia ugali,” akasema, akacheka, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilisikia kicheko cha mama yake ndani ya nyumba hii.

Amelinunua jipya, dukani, kwa mshahara wa mwezi mmoja, na nauli ikabaki. Sikuamini. Ndani ya tumbo lake kumebandikwa karatasi inayosema limetengenezwa Korea. Dukani, anasema, ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote.

Jana sikulishika. Nilikuwa na mlango wa mtu wa kumaliza. Leo baada ya chai, kabla ya kanisa, alilipakata pale kwenye benchi, akapiga wimbo ambao mama yake alikuwa akiuimba akifua nguo. Alikosea mara mbili, akarudia. Anajifunza tangu mwaka jana kwa rafiki yake wa ofisini, kwa siri. Hakumwambia hata mama yake. Alitaka kwanza aweze.

Alipomaliza hakuniangalia. Akasema, “Nataka kuupiga Jumamosi, Mama akiwekewa msalaba. Lakini naogopa.”

“Unaogopa nini?”

“Wajomba. Mjomba Mwakio akiniona tu nimekaa na gitaa ataanza: haya, mwiko umezaa kijiko! Na watu wakishacheka mimi sitaweza tena.”

Nilimwambia alete gitaa nilione.

Lazima nieleze maneno hayo ya mwiko, maana ndiyo kisa chenyewe. Katika ukoo wetu, na katika ukoo wa Rukanga, kila mtu anajua kwamba Mghoi alikuwa na vidole vya mwiko. Maana yake ni kwamba vidole vyake vilikuwa vya mbao, vigumu, visivyojua kitu cha muziki. Watoto walikua na utani huo. Mwenyewe akiangusha sahani alikuwa akisema, “Msinilaumu, ni hivi vidole vyangu vya mwiko.” Wakesho alipokuwa darasa la sita, mwalimu mmoja alianza kuwafundisha watoto gitaa baada ya masomo. Wakesho alikataa kwenda. Alisema yeye amechukua vidole vya mama.

Aliyempa Mghoi jina hilo ni mimi.

Mimi ni fundi seremala. Miaka ishirini na zaidi nimefanya kazi hiyo, kwanza kwenye karakana ya shamba la mkonge, halafu hapa kwangu. Na kwa sababu gitaa ni mbao, vijana wa shamba waliniletea magitaa yao. Kwa hiyo nimeyaona magitaa ya watu wasio na pesa tangu yalipokuwa si magitaa.

Mwanzoni, miaka ya sitini inaanza, yalikuwa debe la mafuta na kipande cha ubao. Nyuzi zilitolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Unaufumua waya, unapata nyuzi nyembamba, unazisokota mbili mbili au tatu tatu upate sauti nzito. Zilikata vidole. Kijana akipiga dansi usiku, kesho yake hawezi kushika panga la kukatia mkonge, na mnyapara anajua kwa nini.

Halafu yakaja ya kiwandani, ya bei ndogo. Kwa macho yalikuwa mazuri, yamepakwa rangi nyekundu inayofifia kuelekea kahawia, yanang’aa. Lakini shingo ilikuwa mbao tupu, imegundishwa tu. Ukizikaza nyuzi, zile nyuzi sita zinaivuta shingo mbele siku zote, mchana na usiku, kama vijana sita wanaovuta kamba. Baada ya miezi, shingo inakuwa upinde. Nyuzi zinainuka mbali na shingo, huwezi kuzibana bila kuumia. Vifunguo vya kukazia navyo vilikuwa vinateleza. Wimbo unaanza sawa, unaisha hauko sawa. Na vile vichuma vinavyokatiza shingo, ambavyo juu yake unabania nyuzi, kimoja kilikuwa juu, kingine chini. Niliviona hivyo kila mwezi. Nilivipiga tupa, niliingiza skrubu, niligundisha upya. Tuliamini gitaa ndivyo lilivyo. Tuliamini maumivu ni sehemu ya kujifunza, kama mtoto anavyoota meno.

Na sisi huku tulikuwa na taabu yetu nyingine. Gitaa likikaa Voi kwenye joto hili, mbao zinakauka zinapungua. Ukilipandisha Mwanda kwenye ukungu, zinavimba. Nilijua mtu aliyekuwa akipiga harusi za huku na za huko. Gitaa lake lilifunguka mgongo kama ganda la haragwe.

Kuanzia katikati ya miaka ya sabini nilianza kuona tofauti. Kijana mmoja alileta gitaa lake nibadilishe kifunguo tu, nikashangaa kuona shingo imenyooka ingawa lilikuwa na miaka mitatu. Kwenye kichwa cha shingo palikuwa na kifuniko kidogo. Nilipokifungua nikaona ncha ya chuma. Kumbe ndani ya shingo walikuwa wamepitisha fimbo ya chuma ya kuizuia isipinde, na ukiikaza kwa ufunguo mdogo, shingo inarudi. Nilikaa chini. Niliwaza, aliyefikiria kitu hiki alikuwa seremala. Mambo kama hayo yalikuwepo zamani kwenye magitaa ya watu wenye pesa, nadhani. Sasa yameshuka mpaka kwetu. Mwaka hadi mwaka kazi ya magitaa ikapungua mezani kwangu. Sasa inaweza kupita miezi sita bila hata moja. Sikulalamika. Viti vinatosha.

Lakini sikuwahi kulipiga moja ya haya mapya. Nilikuwa nayatengeneza nayarudisha. Leo ndiyo mara ya kwanza.

Nikalichukua la Wakesho, nikafumba jicho moja na kutazama shingo kwa urefu wake, kama ninavyotazama ubao kabla ya kuununua. Imenyooka. Nikapitisha kidole ubavuni, vile vichuma vimesuguliwa ncha, havikwaruzi. Nikashika nyuzi kwa namna ile ngumu, ya kulaza kidole cha kwanza juu ya nyuzi zote sita na vingine vitatu vikishika mbele yake. Namna hiyo sikuiweza miaka yote. Kwenye gitaa langu la zamani nilikuwa naikwepa.

Nikapiga.

Zililia zote sita. Sauti safi, bila kukwaruza, bila mimi kukaza mkono.

“Umeona, Baba?” Wakesho akasema. “Hata mimi mwenye vidole vya Mama, hili halinikatai.”

Alisema hivyo kwa furaha. Mimi nilihisi kama mtu ameniwekea mkono baridi shingoni. Nikamrudishia gitaa, nikasema mlango wa karakana umelegea bawaba, yeye atangulie kanisani.

Bawaba haikuwa imelegea.

Gitaa langu la zamani bado liko karakanani, juu ya kabati la misumari. Nililipata mwaka wa sitini na sita kwa mpiga gitaa mmoja wa shambani aliyekuwa anarudi kwao. Tulibadilishana, mimi nikampa kitanda. Lilikuwa moja ya yale mekundu yanayong’aa. Lilikuwa zima wakati huo, au zima kwa kadiri yalivyokuwa. Mghoi alilipenda kabla yangu. Tulikuwa na Wakesho mdogo, na jioni nikipiga nyimbo zangu mbili tatu, Mghoi alikuwa akiimba huku anasuka kikapu, na macho yake yako kwenye vidole vyangu, si kwenye kikapu.

Mwaka uliofuata niliona unga kwenye tundu la gitaa. Wadudu wa mbao. Niliogopa. Nilikuwa naenda Mwanda kwa likizo, nikalibeba. Mama yangu alilitazama akasema, “Mahindi ya mbegu tunayaweka wapi yasiliwe?” Na mimi, fundi niliyefundishwa, niliyejua moto unaifanyia nini gundi, nikaona mama amesema kweli. Tukalipandisha darini jikoni, juu ya moto, katikati ya mahindi ya mbegu, tukalilaza hapo na nyuzi zake zimekazwa. Sikuzilegeza. Sijui kwa nini sikuzilegeza. Lilikaa huko wiki tano, moshi na joto mchana kutwa.

Wadudu walikufa. Mama alifurahi.

Na shingo ilikuwa imepinda.

Niliona siku ile ile niliyolishusha. Lilikuwa jeusi kwa masizi na linanuka kama jiko, na nyuzi zimesimama mbali na shingo. Niliona na nikanyamaza. Ningesema nini? Watu wa Voi walikuwa wanaleta magitaa yao kwangu. Nililipangusa, nikalipaka vanishi, nikarudi nalo. Mimi niliweza kulipiga bado, kwa sababu mikono yangu ilikuwa migumu kwa randa na patasi, na kwa sababu nilikuwa napiga juu kabisa karibu na kichwa, ambako nyuzi haziko mbali sana.

Ndipo Mghoi akasema anataka kujifunza.

Alijitahidi miezi mitatu. Nataka niandike hili vizuri kwa sababu hakuna mwingine anayelijua. Alikuwa akimlaza mtoto, anaosha mikono, anakaa kwenye stuli ile ya miguu mitatu, ananipa daftari lake la nyimbo nimshikie. Alikuwa akibana uzi mpaka kucha inakuwa nyeupe, na uzi unatoa sauti kama ya kopo. Alikuwa akitumbukiza vidole kwenye maji ya chumvi asubuhi. Siku moja nilikuta damu kavu kwenye ubavu wa shingo ya gitaa, nikaipangusa.

Aliniuliza mara moja tu. “Baba Wakesho, gitaa hili halina ubovu kweli?”

Nilikuwa nanoa patasi. Nilimwambia, “Mbona kwangu linalia? Ni vidole vyako, mama. Ni vya mwiko hivyo.”

Alicheka. Alivitazama vidole vyake, mbele na nyuma, akacheka tena kidogo, akaliweka gitaa kitandani taratibu kama anavyomweka mtoto. Hakulishika tena.

Vidole vilivyosokota uzi wa mkonge juu ya paja ukawa mwembamba kuliko uzi wa cherehani. Vidole vilivyosuka vikapu ambavyo wanawake wenzake wa Rukanga walikuwa wakivigeuza ndani nje kutafuta mahali uzi ulipounganishwa, wasipaone. Hivyo ndivyo niliviita vya mwiko, na mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye vikapu hivyo.

Neno lile nililisimulia kwa shemeji yangu Mwakio tukicheka, yeye akalipeleka Rukanga. Likakaa. Liliishi miaka kumi na tisa.

Halafu matangani. Usiku wa pili watu walikuwa wamechoka kulia, mzee wa kanisa akasema mwenye jambo la kumkumbuka marehemu aseme. Nilisimama. Sikuwa na la kusema, kichwa kilikuwa kitupu, nikasimulia habari ya gitaa. Jinsi Mghoi alivyojaribu, jinsi nilivyomwambia. Mwakio akapaza sauti kutoka nyuma, “Vile vidole, shemeji! Vile vya mwiko!” Watu wakacheka, na kicheko kilitusaidia wakati ule, sitadanganya. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshika kikapu cha mwisho cha Mghoi, kile ambacho hakikumalizika, anakipapasa ukingo.

Nilimwona, nikaendelea.

Leo nililishusha gitaa la zamani kwenye kabati. Nikachukua rula ya chuma, ile ndefu, nikailaza kwenye shingo. Mimi ninayepima kila kitu, mlango, jeneza, mguu wa stuli, gitaa hili sikuwahi kulipima hata siku moja. Mwanga ulipita chini ya rula. Nikachukua penseli ya useremala, ile bapa nene, nikaipitisha chini ya nyuzi katikati ya shingo. Ikapita. Nikaongeza ya pili juu yake. Zikapita zote mbili.

Hakuna vidole ambavyo vingejifunzia hapo. Vya nani? Hata vya yule mpiga gitaa niliyempa kitanda visingeweza.

Nilikuwa bado nimekaa sakafuni Wakesho aliporudi kutoka kanisani. Aliona gitaa, aliona rula. Mtoto wa fundi hahitaji kuelezwa sana. Aliinama akazitazama zile penseli mbili.

“Lilikuwa hivi tangu zamani?”

“Tangu kabla mama yako hajajifunza.”

“Na wewe ulijua?”

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa karibu kabisa. Nikasema, “Nilijua limepinda. Kiasi gani sikutaka kujua.” Nikamweleza habari ya darini, na mahindi, na moshi. Nilimweleza swali aliloniuliza mama yake na jibu nililompa.

Wakesho alikaa juu ya kipande cha mbao na nguo yake nzuri ya kanisani. Nje kuku walikuwa wanaparua maranda.

Halafu akasema, “Nilipokuwa mdogo nikishika sindano nikijichoma, Mama alikuwa akinishika mkono anasema, pole mwanangu, mimi ndiye niliyekupa vidole hivi. Alikuwa ananiomba msamaha, Baba. Mimi.”

Sikuweza kumtazama.

“Hata mimi nilicheka pale matangani,” akasema. “Nilicheka sana.”

Sikumwomba asamehe. Niliona itakuwa kama kumpa mzigo mwingine aubebe. Nikamwambia tu kwamba ni kweli yote, na ni yangu.

Tulikula chakula cha mchana bila maneno mengi. Wali, kunde na nyama kidogo. Alinitolea kipande changu cha nyama kama anavyofanya siku zote, na hilo lilikuwa gumu kuliko kama angenikaripia. Saa nane akafunga shuka kwenye gitaa lake. Nilimsindikiza mpaka stendi, nimembebea begi. Gitaa hakunipa nibebe.

Basi lilipowashwa injini, alishusha kioo.

“Jumamosi nitafika Mwanda moja kwa moja. Nitapiga ule wimbo. Lakini sitakaa kwenye kiti mpaka wawe wameshaambiwa. Na siyo mimi nitakayewaambia.”

“Sawa, mama.”

“Yote, Baba. Na ya darini pia.”

“Sawa.”

Basi likaondoka.

Nimerudi, nimekaa na daftari hili, na nimegundua jambo linaloniogopesha kuliko yote ya leo. Nina njia ya kutokea. Ni njia pana na nzuri. Naweza kusimama Jumamosi niwaambie watu jinsi magitaa ya zamani yalivyokuwa mabovu. Debe, waya wa breki, shingo zisizo na chuma, vifunguo vinavyoteleza. Naweza kuwaonyesha hili la Wakesho, la bei ndogo, lakini lililonyooka, nikasema: tazameni, ndugu zangu, dunia imeendelea, marehemu hakuwa na kosa, alizaliwa mapema tu. Watatikisa vichwa. Mwakio atasema, kweli shemeji. Kila neno litakuwa la kweli, na hakuna mtu atakayenigusa. Wakesho ataijua nusu niliyoiacha, lakini hatanipinga mbele ya wazee wala mbele ya kaburi.

Nimeiandika hotuba hiyo hapa juu bila kukusudia. Nimeisoma tena. Ni hotuba nzuri.

Lakini Mghoi hakushindwa na kiwanda. Watu wengi walijifunzia magitaa mabovu, vijana wa shamba walijifunzia kwenye madebe, kwa sababu walijua kwamba ni madebe. Waliumia vidole wakalaumu waya. Mghoi aliumia vidole akajilaumu mwenyewe, kwa kuwa fundi wa magitaa alikuwa mume wake, alimwuliza, na alimwamini alipomjibu. Kiwanda kilitengeneza shingo dhaifu. Moto wa jikoni ukaipinda. Neno lile nililisema mimi, patasi mkononi, bila hata kuinua kichwa.

Angekuwa hai ningemwambia? Nimejiuliza hilo tangu saa nane. Nadhani nisingemwambia. Nadhani ningemsikiliza Wakesho akipiga, ningesema “vizuri sana”, na Mghoi angesema, “Ashukuriwe Mungu, hakuchukua vidole vyangu.” Na ningenyamaza. Hivyo ndivyo nilivyo. Afadhali niliandike.

Kwa hiyo Jumamosi sitawaeleza habari za viwanda. Watakapokwisha kusali nitaomba ruhusa. Sitamsemesha Mwakio, nitaongea na mama mkwe. Miaka yote tumeheshimiana kwa mbali, salamu na macho chini, sijawahi kumwambia jambo zito uso kwa uso. Nitamsogelea alipokaa, nitachuchumaa asilazimike kuinua shingo, na nitasema kwa sauti ya kusikika na wote.

Nimejaribu maneno hapa chumbani, kwa sauti. Mara ya kwanza yalikataa kutoka. Mara ya tatu yalitoka. Si mengi.

Mama, mtoto wako alikuwa na vidole vizuri. Gitaa langu ndilo lililokuwa limepinda. Mimi ndiye niliyelipindisha, na siku aliyoniuliza, nilijua.